Miwani, Vitabu Viwili na Kaunta Buku

Natumaini wale waliokwenda kijijini kwa sikukuu wamekwisha kurudi na viroba vyao vya ndizi na mchele. Sasa sherehe zimekwisha, shule zimefunguliwa, na sote tumo ndani ya ile Januari ndefu tunayoijua.

Wasomaji wa siku nyingi wa ukurasa huu mnaifahamu kawaida yetu. Mwaka unapoanza huwa nawaeleza mambo mawili: nimesoma nini siku za karibuni, na nimejinunulia nini mimi mwenyewe. Sihesabu sare za watoto, wala unga, wala gesi ya kupikia. Nahesabu kitu kilichonunuliwa kwa ajili ya mama, akakitumia mama.

Mwaka jana sikuwaandikia habari hizo, na baadhi yenu mliniuliza kulikoni. Niliwajibu kwamba kazi zilinizidi. Hilo halikuwa kweli. Ukweli ni kwamba sikuwa nimenunua kitu, sikuwa nimesoma kitu, na nilikuwa na jambo nililokuwa nalificha nyumbani mwangu. Leo nitawaeleza, kwa sababu bila kulieleza jambo hilo hamtaelewa kwa nini orodha yangu ya mwaka huu ina vitu vinne tu: miwani, vitabu viwili na kaunta buku.

Karatasi niliyotia saini

Kwa miaka kama mitatu macho yangu yalikuwa hayasomi vizuri. Mbali naona, hata mtu akiwa kule mwisho wa barabara namtambua kwa mwendo wake. Lakini karibu, maandishi yote yalikuwa kama siafu waliomwagiwa maji. Nikawa nasogeza karatasi mbali, mbali zaidi, mpaka mkono ukaisha. Nikifika kutunga uzi kwenye sindano namwita mtoto. Ujumbe ukiingia kwenye simu namwambia mtoto, "Hebu nisomee, mikono yangu ina unga." Siku nyingine mikono haikuwa na unga wowote. Katika kikundi chetu cha akina mama, zamu yangu ya kusoma ilipofika, nilikuwa nasema koo linaniwasha, mwenzangu asome.

Kwa nini sikusema? Aibu, mama mwenzangu. Niliona kusema kwamba sioni ni kutangaza kwamba nimezeeka. Tena nilijiambia kwamba fedha za daktari wa macho ni fedha za viatu vya watoto. Akina mama tunajua sana kujinyima, na tukijinyima tunasifiwa. Basi nikaendelea.

Januari ya mwaka jana mtoto wetu mmoja alikuwa anaanza sekondari ya bweni. Sare, godoro, sanduku, ndoo, madaftari, nauli. Baba watoto alikuwa ametoa alichokuwa nacho, na bado pengo lilikuwepo. Kikoba chetu kilikuwa kimevunja mzunguko Desemba, kwa hiyo hapakuwa na mahali pa kukopa kwa wenzangu. Jirani akanielekeza ofisi moja ndogo inayokopesha siku hiyo hiyo. Nilikwenda peke yangu, sikumwambia mtu. Nilitaka baba watoto arudi jioni akute sanduku limejaa, ashangae.

Kijana wa pale alinipa karatasi yenye herufi ndogo ndogo, akasema, "Riba yetu ni asilimia 20 tu, mama. Saini hapa." Niliikodolea macho ile karatasi kama mtu anayesoma. Nilitikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Kisha nikasaini. Dhamana yangu ilikuwa cherehani, ile niliyoachiwa na marehemu mama yangu, ambayo ndiyo inayonipa mimi fedha ya kila siku.

Nilikopa Sh. 300,000 kwa miezi minne. Kwa hesabu yangu, asilimia 20 ni Sh. 60,000, kwa hiyo nitarudisha Sh. 360,000, yaani Sh. 90,000 kila mwezi. Mwezi wa kwanza ulipokwisha nikapeleka Sh. 90,000 zangu kwa furaha. Kijana akazihesabu, akasema zimepungua Sh. 45,000. Nikabisha. Akanijibu kwa upole kabisa, "Mama, soma mkataba wako."

Usiku ule nilimwita binti yangu wa miaka 13 jikoni, nikafunga mlango, nikampa ile karatasi anisomee. Akasoma taratibu kwa sauti ya chini. Asilimia 20 ilikuwa ya kila mwezi. Jumla ya kurudisha ilikuwa Sh. 540,000, na anayechelewesha anatozwa faini. Mtoto alinitazama akauliza, "Mama, baba anajua?" Nikamwambia asimwambie baba yake.

Nimeyafikiri maneno yangu yale mara nyingi kuliko ninavyofikiri juu ya zile fedha. Fedha hupotea na hupatikana. Lakini nilimtwika mtoto mzigo wangu, nikamfundisha katika usiku mmoja kwamba mke mwema hufunga mlango wa jikoni.

Miezi mitatu iliyofuata niliendelea kupeleka Sh. 90,000, kwa kuwa zaidi ya hapo sikupata. Mwezi wa nne ulipokwisha nilikuwa nimelipa Sh. 360,000, na bado nilidaiwa Sh. 180,000 na faini Sh. 60,000. Wakaja na pikipiki ya magurudumu matatu, wakachukua cherehani. Baba watoto aliporudi jioni alikuta kona ile imebaki na alama za miguu ya meza sakafuni.

Nilimweleza yote nikiwa nimesimama. Nilitegemea ukali. Yeye alikaa kimya kwa muda, kisha akauliza kwa nini sikuusoma ule mkataba kabla ya kusaini. Hapo ndipo nikatamka kwa mara ya kwanza kwamba sioni. Akasema, "Si ungeuleta nyumbani? Ningekusomea."

Ni neno moja tu, "ningekusomea", lakini sijapata kuambiwa neno lililoniuma kama hilo. Alichukua fedha alizokuwa ameweka za mabati ya chumba cha nyuma, akalipa Sh. 240,000, cherehani ikarudi. Kwa hiyo Sh. 300,000 nilizokopa tulizilipa Sh. 600,000, yaani mara mbili. Hadi leo ninapoandika, chumba cha nyuma hakina mabati.

Kitu cha kwanza: miwani

Mwaka huu, siku ya pili ya Januari, baba watoto aliweka karatasi na kalamu mezani, akaniita tupange matumizi. Mstari wa kwanza aliandika mwenyewe: "Macho ya mama." Nikaanza yale yale, kwamba tuangalie kwanza viatu vya watoto. Akanijibu kwamba viatu vya watoto ndivyo vilivyotufikisha pale tulipofika. Sikuwa na jibu.

Nilikwenda kupimwa katika kliniki ya macho hapa mjini kwetu Morogoro. Kupimwa na miwani yenyewe viligharimu Sh. 40,000. Mpimaji, mama wa makamo kama mimi, alinieleza jambo ambalo natamani ningelijua miaka mitatu iliyopita, nami nawapa ninyi bure.

Ndani ya jicho mna lenzi. Tukiwa vijana lenzi hiyo ni laini, na hubadilika umbo ili tuone vitu vya karibu. Kadiri umri unavyosogea, lenzi hukakamaa. Kuanzia miaka 40 hivi, mwanamke au mwanamume, msomi au mkulima, tajiri au maskini, macho yake yataanza kushindwa kusoma karibu. Hakuna anayeliruka jambo hili. Halitokani na kusoma sana, wala kushona usiku, wala moshi wa jikoni. Tena kuvaa miwani hakuyaharibu macho wala hakuyazidishi udhaifu, kama wengi wetu tulivyozoea kuambiana. Dawa yake ni miwani ya kusomea ya namba inayokufaa. Yangu ni +1.50.

Tusidhani kwamba ni shida ya wachache. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2019, lilieleza kwamba watu wapatao milioni 826 duniani hawaoni vizuri karibu kwa sababu hiyo tu, huku wakiwa hawana miwani inayowafaa. Mwaka 2018 ulitangazwa utafiti uliofanywa kwa wachumaji wa majani ya chai huko Assam, India, watu waliovuka miaka 40. Waliopewa miwani waliongeza uchumaji wao kwa takriban asilimia 22 kupita wenzao ambao walikuwa hawajapewa. Utafiti mwingine wa Bangladesh, uliotolewa mwaka 2024, ulionyesha kwamba baada ya miezi minane waliopewa miwani walikuwa na kipato kikubwa kuliko wenzao kwa theluthi moja hivi. Nami naamini, kwa maana naijua kazi ya mikono. Tangu nivae miwani, uzi natunga mwenyewe, na pindo la sketi silishoni mara mbili.

Lakini kuna onyo, tafadhali mlishike. Miwani ya kusomea huuzwa hata barabarani, na mwenye shida huokota inayomfaa akaondoka. Hiyo inaweza kukusaidia kusoma, ila haiwezi kukuambia kama ndani ya jicho mna ugonjwa. Uko ule ugonjwa wa presha ya macho, ambao mara nyingi huanza bila maumivu yoyote. Hula uoni kidogo kidogo kutoka pembeni, na kilichokwisha kupotea hakirudi. Uko mtoto wa jicho, ambao hutibika kwa upasuaji. Na wenye kisukari wana hatari zao za macho. Kwa hiyo ukivuka miaka 40, pimwa macho yote kwa mtaalamu. Na kama katika ukoo wenu kuna aliyepofuka kwa presha ya macho, usisubiri dalili.

Mnataka kujua siku ya kwanza nilifanya nini? Nilirudi nyumbani, nikavaa miwani, nikatazama jikoni kwangu. Ee Mungu wangu! Uchafu uliokuwa nyuma ya jiko! Nilisugua mpaka saa mbili usiku. Kisha nikajitazama kwenye kioo nikakuta makunyanzi ambayo hakuna aliyenitaarifu. Baba watoto alicheka akasema yeye aliyajua siku nyingi, na hajaomba yapunguzwe.

Vitabu viwili

Miwani nikishapata, nikawa kama mtoto aliyepewa baiskeli. Nilitaka kusoma kila kitu, hata maandishi ya kwenye mfuko wa chumvi. Nikanunua kitabu kimoja kipya, na cha pili nikakinunua kwa mwalimu mmoja rafiki yangu aliyekuwa anapunguza vitabu vyake. Sikuvichagua kwa kusudi, lakini vyote viwili vilinisubiri na habari yangu.

Cha kwanza ni Peponi cha Abdulrazak Gurnah. Huyu ni mwandishi aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1948 akahamia Uingereza akiwa kijana, na mwaka 2021 alipewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Aliandika kitabu hiki kwa Kiingereza mwaka 1994. Mwaka 2022 kikatolewa kwa Kiswahili na Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam, kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Akina mama, kisomeni. Kwa muda mrefu watu wa mbali walikuwa wakisoma habari za pwani yetu kwa lugha yao, na sisi wenyewe hatukuwa nacho kwa lugha yetu.

Ni habari za mvulana aitwaye Yusuf, wa miaka 12, wakati wa Wajerumani kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Baba yake ana hoteli ndogo ambayo biashara yake imekwama. Anakuja tajiri mmoja, Aziz, ambaye mtoto amezoea kumwita kwa jina la undugu, na humpa fedha kila akija. Siku moja Yusuf anaambiwa atasafiri na tajiri huyo. Anafurahia kupanda treni. Huko pwani, kijana mwenzake wa dukani, Khalil, ndiye anayemfunulia: yule si ndugu yako. Baba yako anadaiwa, na wewe umewekwa rehani.

Nilipofika hapo nilivua miwani. Nilimkumbuka binti yangu jikoni na ile karatasi mkononi. Mimi sikumpeleka mtoto wangu kwa tajiri, lakini deni langu nilimwekea yeye mabegani, naye alilibeba miezi mitatu akikaa meza moja na baba yake bila kumtazama usoni. Watoto wanalipa madeni ambayo hawakuyakopa. Wengine hulipa kwa kufukuzwa shule. Wengine hulipa kwa kunyamazishwa.

Cha pili ni Barua Ndefu Kama Hii cha Mariama Bâ, mama wa Senegal aliyezaliwa mwaka 1929. Alikiandika kwa Kifaransa kikatoka mwaka 1979, mwaka uliofuata kikapata Tuzo ya Noma, na mwaka 1981 mwenyewe akafariki. Alikuwa mwalimu na mama wa watoto tisa, na hilo utalisikia katika kila ukurasa, kwa maana anajua nyumba yenye watoto wengi inavyonguruma.

Katika kitabu hicho mjane aitwaye Ramatoulaye, akiwa katika eda, anamwandikia barua ndefu rafiki yake Aissatou. Mume wake alikuwa amemwoa rafiki wa binti yao. Habari hiyo peke yake inatosha kumliza mtu. Lakini mimi iliyonishika zaidi ni ya fedha. Mume alipokwisha kufa ndipo mjane alipojua kwamba marehemu alikuwa amekopa fedha nyingi za nyumba ya mke mdogo, na rehani ilikuwa nyumba yao wenyewe, iliyopatikana kwa akiba ya wote wawili. Hati ilikuwa na jina la mume peke yake.

Tumezoea kusema wanaume ndio wenye siri za fedha. Nikisoma habari za yule bwana nilitaka kumhukumu, lakini mkono wangu ulikuwa mzito. Yeye aliweka rehani nyumba, mimi niliweka cherehani. Yeye hakusema, na mimi sikusema. Tofauti ni kwamba mimi nilikuwa na kisingizio kizuri, yaani sanduku la shule. Lakini siri haiulizi kisingizio chako ni kizuri au kibaya. Ikikua hula vile vile.

Nisiwaachie huzuni tupu. Katika kitabu hicho hicho, Ramatoulaye anapobaki kuhangaika na mabasi na watoto wake, Aissatou anamnunulia gari, Fiat 125. Naye, mama mtu mzima, anajifunza kuendesha. Niliipenda sana sehemu hiyo. Ilikuwa zawadi ya mama kwa mama, na haikuwa ya urembo. Ilikuwa ya kumfikisha mahali.

Siku hizo hizo zamu yangu ilifika tena katika kikundi chetu. Tulikuwa tunasoma habari za yule mjane katika kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya nne, aliyekuwa karibu kunyang'anywa wanawe wawili na mdai. Safari hii sikukohoa. Nilivaa miwani yangu, nikasoma mpaka mwisho. Nikaona jambo ambalo sikuwahi kuliona: kabla ya mafuta kuongezeka, yule mama alikwenda kwanza akasema. Alimweleza nabii shida yake. Kisha akatakiwa kueleza nyumbani ana kitu gani, na akatumwa kwa majirani kuazima vyombo. Kama angefunga mlango na kunyamaza kama mimi, nani angejua?

Kitu cha mwisho: kaunta buku

Kitu cha nne ni cha bei ndogo kuliko vyote, Sh. 3,500. Ni kaunta buku yenye jalada gumu. Haikai kabatini kwangu wala kwenye mkoba wa baba watoto. Inakaa mezani juu ya redio, na kila mmoja anaweza kuifungua. Ukurasa wa kushoto tunaandika kilichoingia, wa kulia kilichotoka, na kurasa za nyuma tumeziacha kwa madeni tu: tunayodai na tunayodaiwa. Kila Jumapili jioni tunakaa nayo robo saa. Wiki ya kwanza tulikaribia kugombana, kwa sababu kila mmoja wetu alikuwa na vijideni ambavyo mwenzake hakuvijua. Wiki ya pili ilikuwa afadhali.

Kwa ajili ya mikopo tumejiwekea kanuni, na ninaziandika hapa kwa faida ya yeyote anayetembelewa na shida Januari hii:

1. Mkataba wowote ulale nyumbani usiku mmoja kabla ya kutiwa saini. Anayekataa usiondoke nao, huyo anaogopa usomwe.

2. Usiulize riba ni asilimia ngapi tu. Uliza ni ya mwezi, ya wiki au ya mkopo mzima. Kisha uliza kwa fedha taslimu: nikichukua laki tatu, siku ya mwisho nitakuwa nimerudisha shilingi ngapi kwa jumla? Iandikwe.

3. Uliza faini ya kuchelewa, na kama kuna makato kabla hujapewa fedha.

4. Uliza kama mkopeshaji ana leseni. Hapa Tanzania, kwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, biashara ya kukopesha inahitaji leseni, na Benki Kuu ndiyo inayoisimamia. Mwenye nayo hatachukia kukuonyesha.

5. Usiweke dhamana kitu kinachokupa chakula. Ukinyang'anywa jembe, utalipa deni kwa kulima na nini?

6. Mkopo ambao huwezi kumwambia mwenzako, usiuchukue.

Najua baadhi yenu mtasema, "Mama, wewe una bahati ya mume wa namna hiyo. Wangu nikimwambia nadaiwa, hapatakalika." Nawasikia. Ziko nyumba ambamo kusema ni hatari, na mama anayeishi katika nyumba kama hiyo simlaumu. Huyo namshauri amtafute mtu mmoja mwaminifu, dada, mama mkwe mwenye huruma, mzee wa kanisa, au mwenzake wa kikoba, amsomee karatasi kabla ya kusaini. Pasipo mume wa kusema "ningekusomea", awepo mwingine. Lakini wengi wetu, tuseme kweli, hatunyamazi kwa kuogopa kipigo. Tunanyamaza kwa kuogopa kuonekana hatuwezi.

Nilimwita binti yangu pia. Nilimwambia mbele ya baba yake kwamba nilikosea kumwagiza anyamaze, na kwamba katika nyumba hii hatawekewa tena siri ya namna ile. Aliinama, akachezea ncha ya kanga yangu, kisha akasema, "Nilikuwa naogopa watachukua na meza ya kusomea." Kumbe mtoto alikuwa ameishi na hofu hiyo miezi yote, na mimi nadhani analala.

Hiyo ndiyo orodha yangu ya mwaka huu, wapendwa. Mnaona hamna kitenge ndani yake, ingawa niliona kimoja sokoni cha rangi ya bahari kilichonifuata mpaka usingizini. Labda Pasaka. Mabati ya chumba cha nyuma ndiyo yanayofuata kwenye foleni, na sasa yameandikwa kaunta buku, mahali ambapo sote tunayaona.

Nawe, mama mwenzangu, shika ukurasa huu mkononi. Je, unausoma kwa raha, au mkono umeunyoosha mpaka umeisha? Kama umenyoosha, usimwite mtoto akusomee yaliyobaki. Mwambie baba watoto leo hii. Na kama iko karatasi yoyote uliyoificha chini ya godoro, itoe nayo msome pamoja.

Tuandikieni mtueleze mmejinunulia nini mwaka huu, na mnasoma nini. Hadi mwezi ujao, kaeni salama na watoto.